Kiapo cha Mkalimani

Siku aliyokwenda kununua nyumba, Bi Pazia alivaa viatu visivyofanana, na hakujua mpaka alipofika mtaa wa pili. Kimoja cheusi, kingine buluu ya kiza. Akasimama kando ya njia, akavitazama, akacheka peke yake kama aliyetekenywa. Kurudi hakurudi. Alijiambia kwamba mtu anayekwenda kununua nyumba katika nchi ya watu ana ruhusa ya kuvaa hata sufuria kichwani.

Jina hilo la Bi Pazia alipewa na mji ule, kwa kazi yake. Alifika kijana, na cherehani yake ameifunga ndani ya blanketi. Akaanza kwa kupunguza suruali za watu, akaishia kwenye mapazia. Hakukuwa na mtaa asioujua kwa madirisha yake: lile linalovuja, lile lisilofunguka, lile ambalo mke hutaka kitambaa kizito na mume chepesi. Madirisha ya mji mzima aliyavika nguo, lakini yeye mwenyewe hakuwa na dirisha. Alikaa vyumba vya kupanga, na kila akizoea sauti ya ngazi, mwenye nyumba anakumbuka kwamba ana mpwa anayeoa na chumba kinatakiwa. Basi anafungasha. Alikwisha kufungasha mpaka akawa anaweza kufunga sahani gizani.

Leo ndiyo ilikuwa mwisho wa kufungasha, Mungu akipenda. Fleti ilikuwa ya mzee mmoja, fundi saa mstaafu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na madirisha makubwa yanayotazama jua linakotokea. Mzee alikuwa anahamia kwa bintiye mji mwingine, na begi lake lilishafungwa. Tatizo lilikuwa kibali. Sheria ya nchi ile haimkatazi mgeni kununua nyumba, ila lazima kwanza apewe kibali cha serikali, na kibali kina siku yake ya kufa. Cha Bi Pazia kilikuwa kinakufa leo hii, ofisi zikifunga. Kuomba kingine ni kusubiri tena mwaka mzima au zaidi, na jirani wa ghorofa ya chini, mwenyeji asiyehitaji kibali cha mtu, alikwisha kumwambia mzee kwamba huyo mgeni akishindwa, yeye yupo.

Asubuhi ile mama yake alikuwa amempigia simu kutoka nyumbani. Mama hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema kuwa ugenini mtu hupanga, hanunui. Akishanunua ndio amehama, na mama aliyemzaa atabaki kumwona kwenye picha. Bi Pazia akamtuliza, akamwambia nyumba ina chumba cha pili na kitanda cha mama kitakuwa dirishani. Mama akauliza kama yule mwanamume atakuwepo.

"Mkalimani? Lazima awepo, mama. Ndiye wa kunisomea hati."

"Mwanamume anayeishi kwa kusema maneno ya watu," mama akasema. "Ya kwake ataanza lini kuyasema?"

Hata Bi Pazia alikuwa analingoja hilo hilo.

Huyo Mkalimani alikuwa mwenyeji, mzaliwa wa mji ule, ila alilelewa na bibi yake aliyekuja kutoka upande wa kina Bi Pazia. Lugha yote aliyonayo ya huko aliinyonya kwa bibi huyo, na hivyo jamaa mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alikuwa akiongea kama ajuza aliyekaa mkekani. Mvua ikinyesha anasema, "Masikini ya Mungu, nguo zetu." Akikasirika anasema, "Nitakufinya mimi." Kazi yake ilikuwa hospitalini na mashuleni, kuwafasiria wageni wanaougua na wageni wenye watoto watundu.

Bi Pazia alimpata siku alipokwenda kuomba kibali. Mgeni asiyejua lugha ya mji huwekewa mkalimani wa kiapo, ndivyo sheria ilivyo, na karani alimwuliza kama anaijua lugha. Bi Pazia alikuwa anaijua. Alikuwa anaweza kugombana nayo sokoni na kuota nayo ndoto. Lakini kwenye benchi la ukumbi alikuwa amekaa jamaa mrefu anamwambia mtoto wa watu, kwa sauti ya bibi mzaa bibi, kwamba asipoacha kulamba ukuta atamea mkia. Bi Pazia akamgeukia karani, akasema hapana, lugha inamshinda.

Uongo mdogo, kama nukta. Ukazaa miezi mingi ya furaha. Kila nyumba aliyokwenda kuitazama walikwenda pamoja, na walitazama nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwenye nyumba akisema bomba ni jipya, Mkalimani anageuka na kumwambia bomba ni jipya, "na sauti yako ikipita humu jikoni hata bomba litanyamaza lisikilize." Mwenye nyumba akisema jirani wa juu ni mpole, Mkalimani anasema jirani ni mpole, "lakini akikuona atapata kiherehere, kwa hiyo tutazame nyingine." Bi Pazia alikuwa anasikia vya kwanza na vya pili. Alijua kipi cha mwenye nyumba na kipi cha kuongezwa. Anakaza uso, anatikisa kichwa kama anayepokea habari za bomba, kisha usiku anajifunika shuka mpaka puani na kuyarudia yale ya kuongezwa, moja moja.

Nje ya nyumba za watu, jamaa hakusema kitu. Akimsindikiza kituoni atazungumza habari za hewa. Mashoga wa Bi Pazia walimcheka. Walimwambia aolewe na mwenyeji huyo huyo amalize, kibali cha nini. Hilo ndilo alilokuwa halitaki hata kulisikia. Hakutaka mtu yeyote aje kusema aliolewa kwa ajili ya mlango. Alitaka mlango wake kwanza, kwa jina lake, ndipo afungue au asifungue.

Ofisini kwa wakili alifika akitweta. Chumba kilikuwa kirefu, meza ndefu, na pazia moja dirishani lililomuumiza macho mara tu alipoingia: upande wa kulia ulikuwa mfupi, na pindo limebanwa kwa pini za stepla. Mzee fundi saa alikuwa amekwisha kukaa, begi katikati ya miguu, anatazama saa ya ukutani kwa dharau ya kitaalamu. Mkalimani alisimama alipomwona. Alikuwa amevaa koti jipya, na macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu, yakapanda tena.

"Huyu mtoto kaamka na haraka," akasema kwa sauti ya bibi yake.

"Nyamaza," Bi Pazia akamwambia, na moyo wake ukamwendea kasi kama cherehani isiyo na breki.

Wakili aliingia na hati mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti kavu, mtu wa kwenda hatua kwa hatua kama anayeshuka ngazi yenye utelezi. Akaeleza kwa lugha ya mji kwamba hati itasomwa yote kwa sauti, mkalimani ataifasiri, mnunuzi atasema ameelewa, kisha sahihi na mhuri. Kwanza mkalimani ale kiapo.

Mkalimani alikuwa amekula viapo mpaka vimemwota mdomoni. Akainua mkono, akaanza kufuata maneno ya wakili: kwamba atafasiri bila kupunguza, bila kuongeza. Hapo kwenye kuongeza sauti ilikwaruza kidogo. Bi Pazia akaangalia dari. Lakini kiapo cha hospitali na cha shule huishia hapo, na Mkalimani akashusha mkono. Wakili akamwambia aurudishe juu, kwa sababu kiapo cha ardhi na nyumba kina kipande kingine. Akakisoma taratibu: "Na kwamba mimi si ndugu wa mnunuzi, si mwenza wake, si mchumba wake, wala sina nia ya kuwa mojawapo ya hao."

Mkono ulibaki juu. Maneno hayakutoka.

Wakili akarudia, akidhani hakusikia. Nje gari lilipiga honi. Mzee fundi saa akamtazama Mkalimani, akamtazama Bi Pazia, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kipande cha kwanza naapa," Mkalimani akasema, kwa lugha ya mji, kwa sauti yake mwenyewe ambayo Bi Pazia hakuwa ameizoea, maana haikuwa ya bibi wala ya mwenye nyumba yeyote. "Si ndugu. Si mwenza. Si mchumba. Hicho cha mwisho siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuapa kwamba sina nia. Ninayo, Bi Wakili. Ninayo tangu siku ya benchi."

Bi Pazia alihisi damu imempanda mpaka kwenye vitundu vya masikio. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kukimbia na viatu vyake viwili vya rangi mbili. Mkalimani akamgeukia, na sasa lugha ikawa ile ya mkekani.

"Nisamehe, mwanangu we. Nilikuwa nimepanga upate nyumba kwanza. Usije ukadhani nakupa mlango ili nipate mkono. Nikasema akishatia sahihi, tukifika chini kwenye ngazi, nitasema. Sikujua hiki kiapo kina mkia."

"Nimekuharibia," akaongeza, na uso ukamshuka.

Na kweli alikuwa ameharibu. Wakili aliweka kalamu chini na kueleza, bila ukali lakini bila huruma, kwamba mtu huyu hawezi tena kuwa mkalimani wa hati hii. Akifasiri, yeyote mwenye kutaka ataipinga hati mahakamani na ataishinda. Na hapa kila mtu anajua kuna jirani anayetaka. Mkalimani mwingine wa lugha hiyo, mwenye kiapo, yuko mji wa mbali. Ofisi ya kusajili inafunga jioni na kibali kinakwenda nayo. Mzee akaguna, akasema yeye angependa binti huyu achukue nyumba, lakini treni yake ni leo na begi limefungwa.

Bi Pazia alitazama lile pazia fupi. Akayaona madirisha yake ya mashariki yakizibwa na mapazia ya mtu mwingine, tena huenda akaletewa yeye ayashone. Njia ilikuwapo, moja tu, na ilipita juu ya aibu yake. Akisema neno hilo, nyumba itapona, na jamaa huyu atajua kwamba miezi yote ile, jikoni na barazani na kwenye ngazi za watu, kila alichoongeza kilikuwa kimefika.

Akalipa pazia mgongo.

"Bi Wakili," akasema kwa lugha ya mji, laini, yenye hata lafudhi ya mitaa ya sokoni, "mkalimani sihitaji."

Mkalimani aligeuka polepole, kama mlango usiotiwa mafuta.

Wakili akafungua faili. Akamkumbusha kwamba kwenye maombi alisema lugha inamshinda. Bi Pazia akakiri kwamba alisema. Wakili akamtazama juu ya miwani kwa muda, kisha akatazama koti jipya la Mkalimani, akatazama na viatu vya Bi Pazia. Akasema kwamba tangu siku ile miezi imepita, na hakuna sheria inayomkataza mgeni kujifunza. Lakini kuna sheria ya kumpima. Mnunuzi ataisoma hati mwenyewe kwa sauti na kueleza kila kifungu kwa maneno yake. Akikwama, basi. Na huyu bwana akae ukutani, asitikise hata nyusi.

Mkalimani akaenda kukaa ukutani, mikono magotini, kama mtoto aliyetolewa darasani.

Bi Pazia akasoma. Vifungu vya mwanzo vilikuwa vyepesi: nani anauza, nani ananunua, kuta zinaanzia wapi. Akasoma habari za ngazi ya pamoja na za paa, akaeleza, wakili akawa anatia alama. Mzee akiitikia kwa kichwa kama msikilizaji wa kisa. Furaha ikaanza kumpanda tena Bi Pazia kifuani, akaongeza mwendo, na hapo ndipo alipogonga jiwe.

Lilikuwa neno moja refu, la kisheria, la zamani. Sokoni halisemwi, kwenye mapazia halisemwi. Akalitamka. Akalitamka tena. Maana haikuja.

"Eleza," wakili akasema.

Ukutani, Mkalimani alifumba macho. Neno alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na ulimi, wanasema, hauna mfupa, lakini wake siku hiyo ulitakiwa uwe mfupa mtupu. Jasho likamtoka. Akatia mikono chini ya mapaja asije akaeleza kwa vidole.

Bi Pazia akafumba macho naye. Neno hili aliwahi kulisikia. Wapi? Sauti ilikuwa ya mzee, na palikuwa na jua. Walikuwa wamesimama dirishani kwake, mara ya kwanza kabisa, mzee akionyesha uwanja ulio wazi ng'ambo, akalitaja neno hili. Na Mkalimani akageuka, akafasiri, akaongeza. Chote alichoongeza siku ile Bi Pazia alikuwa nacho kichwani, neno kwa neno, maana usiku ule alikirudia mpaka kikalala naye. Akakishika kile cha mwisho, akakivuta taratibu kama uzi, na kilichokuwa mbele yake kikafuata.

"Maana yake," akasema, macho bado kayafumba, "hakuna anayeruhusiwa kujenga kitu mbele ya madirisha haya akanizibia mwanga. Mwanga unaoingia ni sehemu ya nyumba, na umeuzwa pamoja nayo." Akafungua macho. Hakumtazama wakili. "Na nikisimama pale dirishani, hata asiyetaka kununua nyumba atatamani kuhamia."

Kalamu ya wakili ilisimama.

"Hayo ya mwisho," akasema, "hayamo katika hati."

"Hayamo," Bi Pazia akajibu. "Lakini niliambiwa, na nilielewa."

Mzee fundi saa alicheka mpaka akakohoa. Mkalimani, aliyekatazwa kutikisa hata nyusi, aliinamisha uso ndani ya viganja vyake vyote viwili, na mabega yake marefu yakawa yanatetemeka. Wakili aligeukia dirisha, akakaa hivyo kitambo, akitazama pindo lake la stepla. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu kama mwanzo. Akasema kifungu kimeelezwa sawasawa, na cha ziada hakitaandikwa.

Mhuri uliposhuka mezani ulitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayefunga kabati. Bi Pazia alitegemea radi. Wakili akaituma hati ofisi ya kusajili papo hapo. Mzee akamkabidhi funguo, akamwonya kwamba kufuli la chini hupenda kubembelezwa, akabeba begi lake akaenda kulisubiri gari moshi. Kibali kilikuwa bado hai. Jirani wa chini atajijua.

Kwenye ngazi, pale pale Mkalimani alipokuwa amepanga kusema, walisimama. Hakuwa na la kusema tena, alikwisha kulisema. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, kama kweli alikuwa anasikia yote.

"Yote."

"Na lile la jirani wa juu?"

"Hasa hilo."

"Aibu yangu, ewe Mola." Akajishika kichwa. Kisha akamtazama, na utani ukamtoka usoni. "Jibu sijapata, lakini. Nami siombi mlango. Nyumba ni yako, kwa jina lako. Mimi nitabisha hodi kama watu wengine."

"Jibu nimelitoa mbele ya wakili na shahidi," Bi Pazia akasema. "Kama hukulifasiri, kazi umeacha lini?"

Akamshika mkono wa koti, akamvuta barabarani, na walipofika ghorofa ya tatu wote wawili walikuwa wanahema na kucheka kwa jambo wasilolijua. Kufuli la chini likabembelezwa, likakubali. Vyumba vilikuwa vitupu, ukutani kumebaki alama za duara palipokuwa saa za mzee. Mwanga ulikuwa umejaa humo ndani kama wenye nyumba.

Simu ikalia. Mama. Bi Pazia akamwambia imekwisha, ni yake, amesimama ndani yake. Akamsikia mama akivuta pumzi na kumshukuru Mungu kwa shingo upande. Halafu likaja lile swali.

"Na huyo msema maneno ya watu?"

"Leo kasema ya kwake, mama."

"Aliyasema wapi? Pembeni?"

"Mbele ya wakili. Mkono juu."

Mama akaagiza: "Mpe simu."

Mkalimani akaipokea kwa mikono miwili, akakaza koti kama anayeonekana, akaamkia. Akauliza hali ya mwili, ya miguu, ya mgongo, ya majirani, na kama usingizi unapatikana siku hizi. Bi Pazia alisikia sauti ya mama ikitoka mpaka nje ya simu: mbona huyu anaongea kama marehemu mama yangu? Kisha akacheka, mama huyo ambaye hajacheka kwenye simu tangu habari za nyumba zianze.

"Mhuri umeshapigwa?" mama akauliza.

"Wa nyumba, mama. Ndio."

"Basi huo mwingine aje aupige huku, mbele yangu. Na aje na mtu mzima wa kumsemea, yeye nimemsikia."

Simu ilipokatika walibaki wanatazamana katikati ya sebule tupu. Bi Pazia akatia mkono mfukoni, akatoa futi yake ya kupimia, ile iliyopima madirisha ya mji mzima. Akaenda kwenye dirisha kubwa, akapanda ukingoni kwa viatu vyake vya rangi mbili, akamrushia Mkalimani ncha ya pili.

"Shika huko. Usiachie."

Akaishika.